Pakiti Ndogo, Kazi Kubwa: Kikomo cha Ruta Zinazoendeshwa kwa Programu

Anayenunua ruta, yaani kile chombo kinachopokea habari kutoka mtandao mmoja wa kompyuta na kuzielekeza kwenye mtandao mwingine, kwa kawaida hutazama tarakimu iliyochapwa juu ya kasha. Tarakimu hiyo hueleza ni biti ngapi ziwezazo kupita katika sekunde moja: milioni mia moja, bilioni moja, au zaidi. Mwenye duka huisoma kwa sauti, mnunuzi huridhika, na chombo hupelekwa shuleni au ofisini. Baada ya muda huja malalamiko. Asubuhi, watu wawili watatu wanapochukua mafaili makubwa, mambo huenda vizuri. Mchana, darasa zima linapoingia na kila mwanafunzi kufungua ukurasa wake, mtandao huzorota, ingawa jumla ya biti zinazopita haijafika hata robo ya ile iliyoahidiwa. Fundi hukagua nyaya na kuziona nzima. Laini itokayo nje nayo haijajaa.

Tarakimu ya kasha si lazima iwe ya uongo. Aghalabu ni ya kweli, lakini inajibu swali jingine. Ruta haishughuliki na biti moja moja. Inashughulika na pakiti, yaani vifurushi ambavyo habari hukatwa na kufungwa ndani yake kabla ya kusafirishwa. Kifurushi kiwe kikubwa au kidogo, kazi ya kuisoma anwani yake, kukitafutia njia na kukipeleka mbele ni karibu ile ile. Kinachomlemea msambazaji, basi, ni idadi ya vifurushi wala si uzito wake. Katika ruta ambazo kazi hiyo hufanywa na programu ndani ya kompyuta ya kawaida, jambo hili ndilo linaloweka kikomo, na historia yake ina mafunzo mengi kwa yeyote anayefundisha au kujifunza fizikia na hesabu.

Kazi ya kila pakiti

Kuna njia mbili za kutengeneza ruta. Ya kwanza ni kubuni chipu maalumu ambayo haijui kazi nyingine yoyote isipokuwa kusambaza pakiti. Ya pili ni kuchukua kompyuta ya kawaida, kuitia kadi mbili au zaidi za mtandao, na kuiandikia programu ya kufanya kazi hiyo. Njia ya pili ni rahisi kwa gharama, na tena programu hurekebishika: likigunduliwa kosa, au ikihitajika kanuni mpya, hubadilishwa maandishi tu, wala chombo hakitupwi. Ruta ndogo nyingi zilizomo majumbani na mashuleni ni za namna hii, hata kama umbo lake halifanani na kompyuta.

Pakiti ifikapo, kadi ya mtandao huiandika katika kumbukumbu ya kompyuta, kisha humjulisha prosesa kwamba kuna mgeni. Prosesa huacha alichokuwa akifanya, huhifadhi mahali alipofikia, na kuja kutazama. Husoma kichwa cha pakiti, huhakiki tarakimu ya ukaguzi ili kujua kama maandishi yake yameharibika njiani, na kutafuta anwani ya mwisho katika jedwali la njia. Jedwali hilo, kwa ruta zilizo katikati ya intaneti, sasa lina njia zinazokaribia milioni moja, na haitoshi kupata mstari mmoja unaofanana na anwani. Lazima upatikane ule unaofanana nayo kwa biti nyingi zaidi kuliko mistari mingine yote. Baada ya hapo prosesa hupunguza kwa moja ile hesabu ya uhai ambayo kila pakiti hubeba ili isizunguke milele ikipotea, husahihisha tarakimu ya ukaguzi, huandika anwani ya kituo kifuatacho, na kuiweka pakiti katika foleni ya kadi ya kutokea. Yote haya ni kwa pakiti moja.

Kompyuta ya kwanza iliyofanya kazi hii

Si kweli kwamba ruta za programu ni uvumbuzi wa wasio na fedha. Ruta ya kwanza kabisa ilikuwa ya programu. Mwishoni mwa Agosti 1969 kompyuta ya aina ya Honeywell DDP-516, iliyorekebishwa na kampuni ya Bolt Beranek and Newman ya Cambridge, Massachusetts, ilifikishwa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Waliiita IMP. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo ujumbe wa kwanza wa mtandao wa ARPANET ulitoka hapo kwenda kwenye mashine ya pili ya aina hiyo iliyokuwa katika Stanford Research Institute. Kumbukumbu ya mashine hizo ilikuwa na maneno 12,000 hivi, kila neno likiwa la biti 16, na tendo moja la kusoma au kuandika katika kumbukumbu lilichukua mikrosekunde 0.96.

Msomaji na afanye hesabu. Laini kati ya mashine hizo zilipitisha biti 50,000 kwa sekunde, na pakiti kubwa ilikuwa na biti 1,000 hivi. Pakiti kama hiyo ilichukua sehemu mbili za mia za sekunde kupita katika laini. Katika muda huo IMP iliweza kufanya matendo ya kumbukumbu zaidi ya 20,000. Ilikuwa mashine ndogo na ya polepole kwa kipimo cha leo, lakini ilikuwa tajiri wa muda.

Sasa ichukuliwe pakiti ile ile ya biti 1,000 katika laini ya siku hizi ipitishayo biti bilioni 10 kwa sekunde. Inapita katika nanosekunde 100. Prosesa yenye mapigo bilioni 3 kwa sekunde hupata mapigo 300 tu katika muda huo. Kati ya 1969 na leo mapigo ya mashine yameongezeka mara 3,000 hivi, ilhali kasi ya laini imeongezeka mara 200,000. Ni kweli kwamba prosesa ya leo hutekeleza amri kadhaa katika pigo moja, na hivyo pengo si kubwa kama tarakimu hizi zinavyoonyesha kwa mtazamo wa kwanza. Hata hivyo pengo lipo, na halijazibwa.

Hesabu ya nanosekunde

Hali huwa ngumu zaidi pakiti zinapokuwa ndogo. Kanuni za etheneti, mtandao wa nyaya unaotumika karibu kila mahali, zinasema kwamba fremu ndogo kabisa ni ya baiti 64. Hutanguliwa na baiti 8 za kuamsha kipokezi, na baada yake laini hukaa kimya kwa muda wa baiti 12. Jumla ni baiti 84, yaani biti 672. Fremu kubwa ya kawaida ni baiti 1,518, na ikijumlishwa na zile 20 za ziada huwa 1,538, yaani biti 12,304.

Kwa laini ya biti bilioni moja kwa sekunde, fremu kubwa ziwezazo kupita ni 81,000 na ushei katika sekunde moja. Fremu ndogo ni 1,488,095. Laini ni ile ile, na tarakimu ya kasha ni ile ile, lakini kazi ya prosesa imeongezeka zaidi ya mara 18. Laini ikiwa ya biti bilioni 10, fremu ndogo hufika 14,880,952 kwa sekunde, na kila moja humpa prosesa nanosekunde 67.2. Katika muda huo mwanga wenyewe husafiri mita 20 tu, karibu urefu wa madarasa mawili yaliyopangwa sambamba.

Nanosekunde 67.2 ni mapigo 200 kwa prosesa tuliyoitaja. Mapigo 200 yangetosha kwa hesabu nyingi, lau data zote zingekuwa karibu. Tatizo ni kumbukumbu. Katika IMP kumbukumbu na prosesa vilikwenda mwendo mmoja. Katika kompyuta ya leo, prosesa ikihitaji neno ambalo halimo katika kumbukumbu ndogo ya haraka iliyojengwa ndani yake, hulazimika kulingoja kutoka kumbukumbu kuu kwa muda wa nanosekunde 60 hadi 100. Safari moja tu ya namna hiyo inaweza kula muda wote uliotengewa pakiti. Na jedwali la njia laki kadhaa, pamoja na pakiti mpya isiyowahi kuonekana, ni vitu vinavyohitaji safari hizo zaidi ya moja.

Mtu aweza kusema kwamba pakiti ndogo kabisa ni za maabara, na kwamba watu halisi hutuma mafaili na picha. Si hivyo. Kila anayepokea faili kubwa hurudisha pakiti ndogo za kukiri kwamba amepokea. Kila ukurasa unaofunguliwa hutanguliwa na maswali mafupi ya kutafuta anwani ya jina lililoandikwa. Simu inayopita katika intaneti, kwa namna moja iliyoenea ya kugeuza sauti kuwa tarakimu, hutuma pakiti 50 kwa sekunde kila upande, kila moja ikiwa na baiti 160 za sauti, kwa sababu sauti haiwezi kungoja mpaka kifurushi kikubwa kijae. Isitoshe, adui anayetaka kuiangusha ruta hachagui pakiti kubwa. Anajua zilizo ndogo ndizo zinazoumiza.

Kengele isiyokoma

Ingetarajiwa kwamba ruta ikizidiwa itaendelea kusambaza kiasi inachoweza na kuacha ziada. Yaani, kama uwezo wake ni pakiti 5,000 kwa sekunde na zimekuja 10,000, zitapita 5,000 na zilizobaki zitapotea. Kwa muda mrefu watu wengi walidhani hivyo. Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan walionyesha mwaka 1996, katika mkutano wa chama cha USENIX, kwamba mambo yaweza kuwa mabaya zaidi ya hapo.

Walichukua kompyuta ya DECstation 3000/300, wakaifanya ruta kati ya mitandao miwili ya etheneti ya biti milioni 10 kwa sekunde, wakaimiminia pakiti ndogo kwa kasi iliyopandishwa hatua kwa hatua. Ilipokuwa ikisambaza tu, ilifika kilele cha pakiti 4,700 kwa sekunde, na baada ya kilele hicho kila walipoongeza pakiti zinazoingia, zilizotoka zilipungua. Walipoongeza programu ya kuchuja pakiti kwa ajili ya usalama, kilele kilishuka hadi 2,000 hivi. Pakiti zilizoingia zilipofika karibu 6,000 kwa sekunde, haikutoka hata moja. Laini ya namna ile ina nafasi ya pakiti ndogo 14,880 kwa sekunde, kwa hiyo mashine ilinyamaza kabisa kabla laini haijajaa hata nusu.

Mashine haikuharibika wala haikuzimika. Ilikuwa ikifanya kazi kwa nguvu zake zote.

Sababu yake ni ile ishara ya kukatiza ambayo kadi humpelekea prosesa. Na afikiriwe karani mmoja katika posta ndogo ambaye ameamriwa kwamba kengele ya mlangoni ikilia, aache kila kitu, aende kupokea barua na kuiweka mezani, kisha ndipo arudi kuzipanga na kuzituma. Barua zikija moja moja, utaratibu huu ni mzuri. Hakuna mgeni anayengoja. Zikija kwa wingi, karani hushinda mlangoni. Meza hujaa hadi barua mpya hazina pa kuwekwa, na hizo hutupwa sakafuni baada ya yeye kutoka jasho kuzipokea. Hakuna inayotumwa.

Hesabu yake ni nyepesi na yafaa kufanywa ubaoni. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba kuitikia kengele hutumia mikrosekunde 5 na kuisambaza pakiti hutumia mikrosekunde 20. Pakiti zikiingia 40,000 kwa sekunde, kila moja ikihitaji mikrosekunde 25, sekunde nzima hutumika na zote hupita. Hicho ndicho kilele. Zikiingia 100,000, kengele peke yake hula nusu sekunde, na nusu inayobaki hutosha kusambaza 25,000. Zikiingia 150,000 hupita 12,500. Zikiingia 200,000 kengele hula sekunde yote, na kinachopita ni sifuri. Mwanafunzi akichora mchoro wa pakiti zinazoingia dhidi ya zinazotoka, atapata mlima wenye ncha: mstari unaopanda moja kwa moja hadi 40,000, kisha unaoteremka moja kwa moja hadi chini.

Ubaya wa hali hii si kwa pakiti peke yake. Kwa kuwa kengele hutangulia kila kazi nyingine, hata amri ya msimamizi aliyekaa mbele ya mashine yaweza kukosa nafasi ya kutekelezwa. Asiyeielewa sababu huishia kuizima mashine na kuiwasha upya, na dakika chache baadaye mambo hurudi pale pale.

Kuuliza badala ya kuitwa

Dawa iliyopendekezwa na watafiti hao wawili haikuhitaji mashine mpya. Kengele ya kwanza ilie, lakini karani aifungapo mlango wa kazi, aikate kengele. Kisha yeye mwenyewe aende mlangoni kwa ratiba yake, achukue kiasi kilichopangwa, azishughulikie barua hizo mpaka mwisho, ndipo arudi kuchukua nyingine. Mlango ukiwa mtupu, kengele na iunganishwe tena. Kwa utaratibu huu mashine hujibu upesi pakiti zikiwa chache, na haipagawi zikiwa nyingi.

Ndani ya dawa hii mna wazo lenye thamani kuliko utaratibu wenyewe. Pakiti ambayo haitaweza kusambazwa itupwe mapema iwezekanavyo. Ikiachwa ipotee katika kadi ya mtandao, prosesa haikugharimika chochote. Ikipokelewa, ikasomwa, ikatafutiwa njia, kisha ikatupwa kwa kukosa nafasi katika foleni, kazi yote iliyofanywa juu yake imepotea, na imeinyima nafasi pakiti nyingine iliyokuwa imekaribia kutoka.

Mwaka 2000 Eddie Kohler na wenzake wa Massachusetts Institute of Technology walieleza ruta yao ya programu iitwayo Click, ambayo huziuliza kadi badala ya kungoja kuitwa. Kwa kompyuta ya kawaida ya mezani yenye prosesa ya Pentium III, ilisambaza pakiti 333,000 za baiti 64 kwa sekunde bila kupoteza hata moja. Mwaka uliofuata Jamal Hadi Salim, Robert Olsson na Alexey Kuznetsov walieleza utaratibu kama huo kwa mfumo endeshi wa Linux, na mpaka leo vyombo visivyohesabika vinautumia, zikiwamo ruta ndogo za majumbani.

Hata hivyo mfumo endeshi ni mwenyeji mwenye adabu nyingi mno. Kila pakiti huitengea nafasi ya kumbukumbu, huiandikia taarifa, huinakili kutoka mahali pamoja hadi pengine, na kuikabidhi kwa programu kwa taratibu zilizotungwa wakati laini zilipokuwa za polepole. Luigi Rizzo wa Chuo Kikuu cha Pisa, Italia, alionyesha mwaka 2012 kiasi kinachoweza kuokolewa. Kwa mpango wake ulioitwa netmap, kumbukumbu hutengwa mara moja tangu mwanzo, programu huziona foleni za kadi moja kwa moja, na pakiti hushughulikiwa kwa mafungu badala ya moja moja. Prosesa moja iliyopunguzwa mwendo hadi mapigo milioni 900 kwa sekunde iliweza kutuma zile pakiti zote 14,880,000 za laini ya biti bilioni 10. Hayo ni mapigo 60 hivi kwa pakiti. Ieleweke kwamba huku ni kutuma tu, bila kutafuta njia katika jedwali. Lakini ilithibitika kwamba sehemu kubwa ya mzigo haikuwa ya pakiti bali ya taratibu zilizoizunguka.

Mipango mingine ya aina hiyo, hasa ule wa DPDK ulioanzia katika kampuni ya Intel, huenda mbali zaidi: prosesa nzima huachiwa kazi moja ya kuuliza kadi mfululizo, usiku na mchana, hata kama hakuna pakiti inayokuja. Kasi hupatikana, lakini umeme hutumika sawasawa mtandao ukiwa na watu au ukiwa mtupu. Mahali ambapo chombo kinategemea jua na betri, hili si jambo dogo, na ni ajabu jinsi linavyotajwa kwa nadra.

Kugawana mzigo

Prosesa za leo zina viini kadhaa, kila kiini kikiwa sawa na prosesa kamili. Ingeonekana rahisi kuzigawanya pakiti baina yao, lakini pakiti za mazungumzo mamoja zikipita katika viini tofauti zaweza kutoka zikiwa zimepitana, ya tatu ikitangulia ya pili, na mpokeaji hudhani imepotea. Kwa sababu hiyo kadi ya mtandao hufanya hesabu fupi juu ya anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, na jibu la hesabu huamua kiini. Mazungumzo mamoja hukaa kwa kiini kimoja daima. Matokeo yake ni kwamba viini vinane havileti mara nane kwa kila mtu: mazungumzo mamoja makubwa yaweza kulijaza kiini lake huku vingine saba vikipumzika.

Mwaka 2009 kikundi cha watafiti kiliunganisha kompyuta nne za kawaida ziwe ruta moja, wakaiita RouteBricks. Kwa mchanganyiko wa pakiti uliorekodiwa katika mtandao halisi wa vyuo vikuu vya Marekani, ilisambaza biti bilioni 35 kwa sekunde. Ilipopewa pakiti za baiti 64 tupu, ilisambaza bilioni 12. Mashine ni zile zile, na tarakimu mbili zinatofautiana karibu mara tatu. Watafiti hao walizitoa zote mbili, na kila anayeuza ruta angepaswa kufanya hivyo hivyo.

Chipu maalumu bado zinatangulia mbali kwa kasi. Ruta ya M40 ya kampuni ya Juniper, iliyotoka mwaka 1998, ilitajwa kuwa na uwezo wa pakiti milioni 40 kwa sekunde, wakati ambapo kompyuta ya mezani ilihangaika na laki chache. Lakini chipu nazo zina ukuta wake. Tarehe 12 Agosti 2014 jedwali la njia za intaneti lilivuka njia 512,000 hivi, na baadhi ya ruta za chipu, ambazo kumbukumbu yake ya pekee ilikuwa na nafasi za kiasi hicho tu, zilishindwa. Huduma nyingi duniani zilizorota siku hiyo. Ruta ya programu ingeongezewa kumbukumbu ya kawaida na kuendelea.

Baada ya mkongo kufika

Katika Afrika Mashariki swali hili lilikuwa la vitabuni kwa miaka mingi. Mawasiliano yalipopita katika setilaiti, shule au chuo kilichokuwa na biti milioni moja kwa sekunde kilijiona kimebarikiwa. Laini ya namna hiyo, hata ingejaa pakiti za baiti 64 peke yake, isingeleta pakiti 2,000 kwa sekunde. Kompyuta yoyote kuukuu ilitosha kuwa ruta, na kizuizi kilikuwa nje, angani. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi, ukiunganisha Tanzania, Kenya na nchi nyingine za pwani na Ulaya na Asia, na mikongo mingine ikafuata. Laini zilipanuka mara kumi, kisha mara mia. Kizuizi kikahamia ndani ya chumba, katika kile chombo kidogo ambacho hakuna aliyekitilia shaka.

Mnunuzi anayejua hili atauliza pakiti ngapi kwa sekunde, za ukubwa gani, na huku kazi zipi zikiwa zimewashwa. Swali la mwisho husahaulika. Ruta nyingi ndogo zina chipu ya kusaidia ambayo husambaza pakiti bila kumsumbua prosesa, na tarakimu ya kasha imepimwa hivyo. Msimamizi akiwasha uchujaji wa kurasa, au ugawaji wa kasi kwa kila mtumiaji, mara nyingi pakiti zote hurudishwa kwa prosesa, na kasi hushuka ghafla. Baadhi ya watengenezaji, kwa mfano MikroTik ya Latvia ambayo vyombo vyake vimeenea sana katika ukanda huu, huchapisha majedwali ya vipimo kwa fremu za baiti 64, 512 na 1,518, pamoja na idadi ya kanuni za uchujaji zilizowekwa. Majedwali hayo yanafaa kusomwa kuanzia safu ya 64.

Shule yenye kompyuta tatu za zamani yaweza kujipimia yenyewe. Ya katikati hutiwa kadi mbili na kufanywa ruta ya Linux. Ya kwanza hutuma, na ya tatu huhesabu zinazofika. Ndani ya Linux mna chombo kiitwacho pktgen ambacho hutuma pakiti za ukubwa na kasi inayotakiwa. Jaribio lianze na fremu kubwa, na kasi ipandishwe hatua kwa hatua, kisha lirudiwe kwa fremu za baiti 64. Matokeo yachorwe katika karatasi ya mraba, zinazoingia kwenye mhimili wa chini na zinazotoka kwenye mhimili wa kusimama. Kisha uwashwe uchujaji wa kanuni mia moja, na mchoro wa pili upitishwe juu ya ule wa kwanza. La kutazamwa zaidi si kimo cha kilele bali upande wa kulia wake, kama mstari unabaki sawa au unateremka. Kompyuta hizo tatu zifungwe peke yake, mbali na mtandao wa shule, kwa maana pktgen haimwulizi mtu ruhusa, na mtandao uliounganishwa nayo kwa bahati mbaya utanyamaza kabla ya kengele ya kipindi kulia.